Tulipokutana Ngamiani

4 Julai, Morogoro

Usiku huu grupu halilali. Ujumbe unaingia juu ya ujumbe, na simu nimeichomeka karibu na mto nisipitwe na kitu. Kesho safari za Tanga zinaanza. Siku ya kukutana tumeiweka 7 Julai, ambayo ni Siku ya Kiswahili Duniani tangu UNESCO ilipoitangaza mwaka 2021, na kwa sisi wa Tanzania ni Sabasaba, hakuna wa kuomba ruhusa kazini. Fundi Saa wa Mombasa hana mwajiri. Amesema atafunga kibanda na kubandika karatasi mlangoni: "Nimekwenda kwa washairi."

Grupu letu ni la mashairi ya vina na mizani. Mtu anatupa beti, mwingine anamjibu, wa tatu anawakosoa wote wawili. Tunajuana kwa namna tulivyohifadhiana kwenye simu. Bibi wa Pemba picha yake ni waridi jekundu, na voisi zake zote zina jogoo anayewika nyuma. Mama wa Tanga, admini wetu na mwenyeji wa safari hii, ameweka Kaaba. Fundi Saa ameweka saa ya ukutani yenye mshale mmoja. Dogo wa Mbagala ni dereva wa bodaboda na ameweka pikipiki. Dada wa Maskati hana picha kabisa. Mstaafu wa Kigoma ameweka mjukuu wake. Kwa hiyo hakuna hata uso mmoja nitakaoutambua nikishuka stendi.

Hoja ya kutambuana imejadiliwa jioni nzima. Mstaafu wa Kigoma, ambaye mwenyewe hatafika kwa sababu ya mguu, ametoa wazo kwamba kila atakayeshuka stendi ya Kange ashike chungwa mkononi. Limepita bila kupingwa.

Dada yangu ananiuliza nitalalaje kwa watu nisiowajua. Nimemjibu kwamba nawajua. Bibi wa Pemba alipofiwa na mumewe, usiku ule ule alitutumia voisi ya beti alizomtungia, na sisi ndio tuliokesha naye. Dogo akiandika saa nane za usiku, najua siku hiyo hesabu ya bosi haikutimia. Fundi Saa akikaa kimya siku mbili, najua ana saa iliyomshinda. Hapa mtaani kwangu wapo majirani ambao nasalimiana nao kila asubuhi na sina habari zao hata nusu ya hizi. Wala jambo lenyewe si geni. Jarida la Mambo Leo lilianza mwaka 1923, na humo watu wa pwani na bara walijibizana kwa mashairi, mtu akaanza kumjua mwenzake kwa kalamu na sanduku la posta kabla hajamjua kwa uso. Sisi tumebadilisha sanduku tu.

Dada amesema sawa, ila nimwachie namba ya mwenyeji. Nimemwachia.

5 Julai, njiani na Tanga

Basi limetoka Msamvu asubuhi. Chalinze tukaacha barabara ya Dar es Salaam tukashika ya kaskazini. Tulipokwisha kuvuka Wami, tairi la nyuma likapasuka. Kondakta alituomba tushuke, tukakaa chini ya mwembe huku wakitafuta jeki, kisha wakitafuta mtu mwenye jeki. Nilisoma grupu. Bibi wa Pemba alikuwa baharini na kusi limevuma vibaya. Kila voisi aliyotuma ilikatika katikati, na sababu ilisikika. Mama alimjibu kwamba limau na uji vinamsubiri. Dogo aliandika kwamba ataondoka Mbagala usiku baada ya kurudisha pikipiki.

Betri ya simu yangu ni ya zamani. Tulipofika Segera ikazima.

Muheza basi likasimama, wauza machungwa wakaja madirishani. Huu ni msimu wake. Kila abiria alinunua, wengine neti nzima. Nami nilinunua, nikachagua moja zuri la kushika. Tukashuka Kange, na abiria karibu wote tulikuwa na machungwa mkononi. Waliokuwa wakisubiri abiria nao walikuwa na machungwa. Wauzaji ndio usiseme. Mstaafu wa Kigoma hajawahi kufika Tanga mwezi wa saba.

Pembeni alisimama mzee mmoja, ameshika chungwa moja kwenye kiganja, anatazama watu wanaoshuka. Nikamsogelea, nikatoa salamu yetu: "Vina salama?" Jibu lake ni "Na mizani sawa." Mzee akasema, "Mia mbili, mama. La Muheza hilo." Nikanunua mawili.

Kisha nikasikia nyuma yangu: "Wapendwa wa vina na mizani." Sauti hiyo nimeisikia kila alfajiri, maana ndivyo anavyofungua siku. Nikageuka. Mama mnene mwenye kanga ya buluu alikuwa ameweka simu mbele ya midomo, anarekodi: yuko stendi, Mwalimu wa Morogoro hamwoni, na simu yake haipatikani. Nikasema, "Nipo hapa, Mama." Aligeuka kabla hajaachia kidole. Voisi hiyo imo kwenye grupu mpaka sasa. Inasikika sauti yangu, vinasikika vigelegele, halafu yanasikika machungwa yakianguka sakafuni, moja baada ya jingine, na kijana mmoja akisema, "Mama, moja limeingia chini ya basi."

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Kumbe mfupi!"

Alidhani mimi ni mrefu. Nilimwuliza kwa nini, akasema hajui, ila kwa miaka yote hiyo amekuwa akinijibu huku anatazama juu.

Nyumba yake iko Ngamiani, Barabara ya 12. Bibi wa Pemba tumemkuta amejilaza chumba cha uani, kipande cha limau kiko puani. Nilimpa shikamoo na kumbusu mkono. Aliitikia kwa sauti ndogo sana, na bila jogoo nyuma yake nilihitaji muda kukubali kwamba ni yeye. Nikamwuliza hali ya jogoo. Amemwacha kwa jirani.

Baada ya hapo tulinyamaza. Kwenye grupu mwenye neno huandika, hamsubiri mtu. Sebuleni mdogo humsubiri mkubwa aanze, na mkubwa wetu alikuwa na kichefuchefu, na mwenyeji alikuwa jikoni. Nilikaa ukingoni mwa kochi nikisikiliza kengele za baiskeli nje. Tanga baiskeli hazijaisha. Simu yangu, iliyokuwa imepata chaji kidogo, ikatoa mlio. Mama aliandika kwenye grupu kutoka jikoni, hatua chache tu kutoka nilipokaa: "Mwalimu, chai tayari." Nikamjibu huko huko: "Nakuja, Mama, ahsante." Bibi naye akatuma voisi kutoka chumbani kwamba kama kuna tangawizi atajaribu kuamka. Mstaafu wa Kigoma akauliza kama tumeshakutana au bado.

Tulipofika mezani maneno yalikuwa yamekwisha kufunguka. Tulizungumza mpaka adhana ya alfajiri.

6 Julai, Tanga

Fundi Saa amekuja na basi la Mombasa kupitia Lunga Lunga na Horohoro. Mama alimpigia simu tangu asubuhi, inaita tu. Kwenye grupu hili jambo ni la zamani. Fundi hapokei simu, hatumi voisi, husahihisha mashairi ya watu kwa maandishi makavu, "mshororo wa pili umepungua mzani," basi. Imesemwa zaidi ya mara moja kwamba anajiona.

Tulimwona akishuka. Mwembamba, kofia ya viua, na kile kioo chake cha kutazamia vyuma vidogo kimening'inia kwenye mfuko wa shati. Mama alimwita akiwa ubavuni pake, kwa ile sauti inayofika barabara ya pili. Hakugeuka. Akamwita tena. Nikazunguka nikasimama mbele yake na kumpa shikamoo. Alitazama midomo yangu, akaitikia marahaba kwa sauti kubwa iliyofanya watu watazame, kisha akatoa daftari dogo na penseli. Hati yake ni ndogo na imenyooka. Aliandika: "Mimi ni kiziwi. Masikio yalikufa nikiwa mtu mzima. Sema ukiwa mbele yangu, au andika."

Mama alisoma juu ya bega langu, akakaa kwenye begi la mtu.

Njiani alimwomba radhi kwa niaba ya grupu zima, uso kwa uso ndani ya bajaji, huku bajaji ikiruka mashimo na midomo yake ikiyumba. Fundi alimwomba arudie. Akarudia. Fundi akasema hakuna aliyewahi kumwuliza, na yeye hakuona vipi mtu aanze kulitaja jambo hilo katikati ya mashairi. Nimelifikiri jibu hilo siku nzima. Maandishi yalimficha, na maandishi hayo hayo yalimpa baraza ambapo hakuna aliyempigia kelele wala kumzungumza kwa kumpita, kwa muda mrefu, na alistahili baraza hilo.

Kilichobaki ni Bibi. Yeye ndiye aliyekuwa akimtumia voisi nyingi kuliko wote, na kila voisi ilijibiwa. Tulipofika alikuwa amekaa ukumbini, amepata nafuu. Alisikiliza maelezo ya Mama mpaka mwisho, akamgeukia Fundi, akasema pole pole ili midomo ionekane: "Sasa beti zangu umezisikiaje?"

Fundi akamweleza kwamba ana mjukuu. Kila jioni mtoto akitoka madrasa husikiliza voisi zote na kumwandikia neno kwa neno kwenye daftari.

"Na jogoo naye humwandika?"

"Humwandika. Huweka 'jogoo' kwenye mabano."

Bibi alimshika mkono, akakaa naye hivyo muda mrefu. Mama alirudi jikoni kwa sababu wali ulikuwa unaungua. Uliungua.

Hapo ilikuwa saa nne na nusu, na kikao cha chai kilipangwa saa nne. Dogo hajafika, Dada wa Maskati hajafika. Dogo alikuwa ameshaandika tangu alfajiri kwamba yuko Tanga.

Yuko Tanga kweli. Mama alikuwa amemwelekeza kwa voisi: nyumba yenye mlango wa kijani, nje kuna turubai na viti. Dereva wa bajaji akamfikisha Barabara ya 21, kwenye mlango wa kijani, turubai na viti. Watu walikuwa wamekaa kwa heshima, wazee kwa vijana, akaona idadi ni kubwa kuliko alivyotarajia lakini akafurahi. Akapewa kiti. Ikasomwa dua, akaitikia amin. Likaletwa pilau, akala. Ilikuwa hitima. Mzee mmoja alipomwuliza yeye ni wa upande gani katika ukoo, akajibu kwamba yeye ni Dogo wa Mbagala, mshairi. Yule mzee akauliza kama amemtungia marehemu chochote.

Dogo anasema hakuona njia ya kusema hapana baada ya kula. Akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Wakamwambia: alikuwa fundi wa majahazi, akipenda kahawa chungu, hakuwahi kugombana na jirani. Dogo akatunga beti mbili pale pale akawasomea. Watoto wa marehemu walilia, wakaomba wanakiliwe. Ametufikia adhuhuri na pilau ndani ya karatasi ya foili, ameshikwa aibu, haingii ndani mpaka Mama atoke amvute. Kwa kuwa wali wetu umeungua, tulikula pilau la marehemu na kumwombea.

Nilimtazama Dogo akila mara ya pili. Ana miaka isiyozidi ishirini na minne na mikono ina mafuta ya mnyororo. Mwaka mzima amekuwa akinijibu kwa Kiswahili cha wazee wa Mvita, na niliwahi kumsikia Bibi akimwita "mwenzangu".

Dada wa Maskati amefika saa kumi jioni, ananukia udi, ana kasha la halua na birika la kahawa lililofungwa kwa taulo. Alisimama mlangoni akaangalia saa yake, akasema, "Nimewahi?" Tulimwambia saa nne, na kwao saa nne ni hiyo. Wazazi wake waliondoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, wakafika Oman, ambako Sultani Qaboos alipotawala mwaka 1970 aliwafungulia mlango Waomani wa nje warudi, na Waswahili wengi wa pwani hii wakaingia humo. Yeye kazaliwa Maskati, Kiswahili amekinyonya kwa mama na nyanya yake. Hesabu ya saa ameipata shuleni. Kahawa ilikuwa bado ya moto, vikombe havikutosha, tukanywa kwa zamu, mkubwa akianza.

Bibi alimwuliza nyanya yake alikaa mtaa gani. Akataja. Bibi akamwuliza mlango wa ngapi kutoka msikitini. Wawili hawa tangu hapo hawakupatikana kwa mazungumzo mengine.

7 Julai, Machui

Asubuhi tulikodi bajaji mbili kwenda Machui, kijiji cha kusini mwa mji alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909 na alikozikwa mwaka 1962. Bajaji ya pili ilikataa kuwaka. Dogo akaifungua, akapuliza kitu, akaifunga, ikawaka. Mbele kidogo ikazima, akaifungua tena. Mwenye bajaji mwishowe alimpa usukani na yeye akakaa nyuma na sisi, akatuuliza tunakwenda kumtazama nani.

Safari hii aliitaka Fundi Saa zaidi ya sote. Sababu yake si Kusadikika wala Adili na Nduguze. Ni barua. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, akihamishwa leo Pangani kesho Mpwapwa, na kwa miaka mingi alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Barua hizo za tangu 1931 hadi 1958 zilichapishwa kitabuni. Fundi amekuja nacho, gamba limetoka, amekifunga kwa mpira. Alisema ndugu wawili hao walikaa mbalimbali na undugu ukaendeshwa kwa posta, na hakuna aliyesema si undugu wa kweli. Alisema hivyo kwa ile sauti yake isiyo na kipimo, kaburini, na watoto waliokuwa karibu wakanyamaza.

Tuliomba dua. Mtoto mmoja akajitolea kutupiga picha. Ametupiga vizuri kuanzia shingoni kwenda chini. Niliziona tuliporudi mjini: kanga ya Mama, baibui la Dada, kitabu chenye mpira. Nimeziweka zote kwenye grupu, na Mstaafu wa Kigoma amemtambua kila mtu.

Usiku

Nataka niandike hili kabla sijalala.

Tulitandika mikeka uani kwa ajili ya kisomo. Kila mtu alikuja na shairi jipya. Fundi tulimweka mbele, macho kwa macho na msomaji. Nilikaa kushoto kwake nikaona anavyofanya. Dole gumba lake hutembea juu ya vidole vinne vya mkono huo huo. Kila kidole kina vituo vinne, pingili tatu na ncha. Anaanza shina la kidole cha shahada. Akimaliza vidole viwili, mizani nane imetimia, ukwapi umekwisha, na hapo dole husita kidogo. Vidole viwili vilivyobaki ndio utao. Mshororo ukiwa sawa, dole gumba hufika ncha ya kidole cha mwisho pamoja na midomo ya msomaji inapofunga. Shairi la Bibi lina beti nyingi, na kila mshororo dole lilifika ncha. Halikupungua wala kuzidi. Bibi hajawahi kuhesabu mizani maishani mwake. Anasema yeye huimba tu.

Katikati ya shairi la Dada umeme ukakatika mtaa mzima. Tumezoea, tungeendelea gizani. Lakini Fundi alikuwa ameachwa peke yake, maana midomo haionekani. Dogo akawasha tochi ya simu akammulika Dada usoni. Mama akawasha ya kwake. Mwisho tochi zote zilikuwa zinamulika mdomo wa msomaji, msomaji anafumba macho kwa ukali wa mwanga, anasoma kwa kukumbuka. Wadudu walivutiwa na mwanga. Dada alimeza mmoja, akakohoa, akaomba maji, akarudia ubeti tangu mwanzo kwa kuwa kina kilikuwa kimekatika.

Zamu ya Dogo ikafika. Alikuwa ametunga jioni ile ile. Mshororo wa pili ulianza "Sauti za simuni", na dole la Fundi likasimama pingili ya tatu ya kidole cha kati. "Saba," akasema. Dogo alisimama kwenye mwanga, jasho linamtoka, akatafuta. Hakuna aliyemsaidia, na nafurahi hatukumsaidia. Akasoma upya:

Nyuso tulizozibuni, leo tumezitazama,
Sauti za mkononi, leo pembeni zahema,
Mkekani tu jirani, hatuna cha kulalama,
Nimekuja Ngamiani, simu naiweka chini.

Dole lilifika ncha mara nne. Simu hakuna aliyeiweka chini, maana tochi zilihitajika.

Mstaafu wa Kigoma alituma shairi lake kwa voisi. Walilisikiliza wote, nami nikaliandika kwenye daftari la Fundi chini ya mwanga wa simu ya Mama, neno kwa neno, nikijitahidi kwa hati. Kati ya ubeti wa tatu na wa nne nikaandika "kikohozi" kwenye mabano.

8 Julai, Tanga na njiani

Bahari imechafuka zaidi na chombo cha Pemba kimeahirishwa. Bibi anabaki kwa Mama mpaka kitakapoondoka. Jirani amepiga simu kusema jogoo hali vizuri, Bibi akaomba awekwe kwenye spika, akamsemesha.

Asubuhi Fundi alishusha saa ya ukumbini, ambayo Mama anasema imesimama tangu arusi ya mwanawe wa pili. Aliifungua juu ya gazeti, akafanya kazi mpaka chai ikapoa. Alipomaliza aliweka ukucha juu ya kioo, akafumba macho, akangoja, akasema inakwenda. Inakwenda. Mama sasa analalamika kwamba ina kelele, na amekataa isishushwe.

Tulizungumza habari ya voisi. Mama kama admini ametoa amri kwamba kila voisi ifuatwe na maandishi, mjukuu wa Fundi apumzike. Wote tulikubali ila Bibi, aliyekaa kimya. Baadaye alimwambia Dada, Dada akatuambia: Bibi hajui kuandika kwa herufi hizi tunazotumia. Alisoma madrasa, anaandika kwa herufi za Kiarabu, tangu utotoni, na beti zake zote anazo nyumbani kwenye madaftari ya shule ya watoto wake. Fundi alipoandikiwa hilo alicheka mpaka kofia ikaanguka. Yeye naye ni mtoto wa madrasa. Tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa herufi hizo. Utendi wa Tambuka uko katika hati hiyo tangu mwaka 1728. Dada alichukua simu ya Bibi akaweka kibodi ya Kiarabu, akamkuzia maandishi. Bibi alijaribu kwa kidole kimoja. Ujumbe wa kwanza ulikuwa salamu kwa Fundi, na Fundi aliusoma akiwa ameketi kando yake, akamjibu kwenye simu.

Kuagana kulichukua muda. Viatu vya wageni vilichanganyika mlangoni, na Dada ameondoka na ndara za Mama, mguu mmoja wa kijani na mmoja wa zambarau. Ametuma picha akiwa tayari njiani. Mama amemwandikia kwamba azivae na Maskati.

Dogo alinisindikiza Kange. Alibeba begi langu, hakuzungumza sana. Aliniuliza kama nitaendelea kumjibu kwa ukali ule ule. Nimemwambia nitamzidishia.

Basi limepita Muheza, simu iko na chaji, nimeazimwa powabanki. Grupu limejaa herufi za Kiarabu. Dogo anauliza Bibi ameandika nini, Mstaafu wa Kigoma anauliza hivyo hivyo, nami siwezi kumsaidia yeyote. Fundi, ambaye yuko Horohoro kwenye foleni, ameomba tumpe dakika. Sasa hivi ametufasiria. Bibi anasema mkutano ujao uwe kwake Pemba, kila mtu aje na chandarua, na tarehe isiwekwe kipindi cha karafuu, kwa sababu majamvi yote yatakuwa yameanikiwa karafuu uani na wageni watakosa pa kukaa.